Kikombe cha Maziwa cha Saa Nne

Juma lililopita tulimzika Barnaba Kiptoo kule Ainabkoi, na ilipofika wakati wa kusoma historia ya marehemu, mwaka wetu ulirukwa. Nilikuwa nimekaa safu ya tatu ndani ya hema, blanketi magotini kwa sababu baridi ya huko haijui msiba, nikimsikiliza kijana wake wa kwanza akisoma kwa maikrofoni: marehemu alizaliwa wapi, akabatizwa lini, akasoma shule gani, kisha "akafanya vibarua mbalimbali mjini Eldoret kabla ya kurudi nyumbani kulima viazi na kumwoa mama yetu, Rael." Basi. Vibarua mbalimbali. Watu wakaitikia kwa kichwa, mchungaji akasema Bwana asifiwe, na kwaya ikasimama. Niligeuka kushoto na kulia nione kama kuna mwingine aliyeshtuka, lakini nani angeshtuka? Mzee Simiyu alishakwenda. Fundi Musa alishakwenda. Agnes Cherotich, Jane Khisa, Julius Rotich, Petro Wanyama, wote wameshakwenda, wengine kwa kifua na wengine kwa mambo yao. Nimebaki mimi, Selina, mwenye darasa la nne tu na kichwa ambacho hakisahau jina la mtu. Rosemary Nekesa, ambaye mwaka ule ulikuwa wake kuliko wetu wote, ambaye Barnaba alikuwa amemtafutia pete, hakutajwa hata kwa nusu sentensi. Sikumlaumu yule kijana. Hakuambiwa. Baba yake aliishi naye miaka yote hiyo na hakumwambia.

Mwaka huo tulikuwa tunakaa Langas mimi na Nekesa, chumba kimoja cha mabati juu na mabati pembeni, sakafu ya udongo tuliyokuwa tunapaka kinyesi cha ng'ombe kila Jumamosi. Yeye alikuwa ametoka upande wa Bungoma, mimi nimetoka hapa juu, na tulikutana kwa foleni ya kibarua tu, yeye akaniuliza nina pa kulala, nikamwambia sina. Kitanda kilikuwa kimoja. Sufuria zilikuwa mbili, moja ya ugali na moja ya kila kitu kingine. Jioni alipika mrenda na omena, na mimi nililetewa kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya mgando yaliyotiwa mkaa, kutoka nyumbani kila mara mtu wetu akija sokoni. Siku ya kwanza aliona maziwa yale yana rangi ya majivu akaruka nyuma. "Selina wee, nyinyi mnakunywa makaa?" Nikamwambia, "Na nyinyi mnaokula kumbikumbi na mabawa yao?" "Kumbikumbi ni nyama! Hii ni jiko limemwagika." Alicheka mpaka akakaa chini. Alikuwa na kicheko kirefu, kicheko cha mtu mwenye kifua kikubwa, kinaanzia chini na hakina haraka ya kuisha. Majirani walikuwa wanajua tumefika nyumbani kwa kicheko hicho. Ninakitaja sasa kwa sababu ndicho kilichokwenda kwanza, kabla ya kitu kingine chochote.

Kazi yenyewe ilikuwa barabara ya kwenda Cheptiret. Kuna watu walikuwa wanajenga stoo kubwa ya baridi, ya kuwekea mboga na maziwa kabla ya lori kuja, na ili baridi isitoke nje, kuta na dari zilikuwa zinapigwa povu kutoka ndani. Sisi hatukuwahi kuona kitu kama hicho. Kulikuwa na mapipa ya aina mbili na mashine katikati, na mipira miwili mirefu iliyokutana kwenye bunduki moja. Fundi Musa, aliyekuja na mashine kutoka Nairobi, alikuwa akibonyeza bunduki, majimaji yanapiga ukuta, na kabla hujahesabu vidole vyako yamefura, yamepanda kama mandazi kwenye mafuta, yamekuwa manjano na magumu. Tulipiga makofi siku ya kwanza. Pipa moja lilikuwa na maji ya kahawia mazito, hayanuki kitu, tukaliita Asali. La pili lilinuka samaki wa siku tatu, tukaliita Samaki. Na hapo ndipo tulipodanganyika, maana sisi wote tuliogopa Samaki. Tulifunga leso puani kwa sababu ya Samaki. Samaki alipoacha kunuka, tulifungua leso na kusema sasa hewa ni safi. Asali hatukumwogopa. Petro Wanyama alikuwa anachovya kijiti na kuwapima wasichana kama watajaribu kulamba. Asali akikugusa mkono anabaki hapo, anakauka kahawia, sabuni haimtoi, mafuta ya taa hayamtoi, mpaka ngozi yenyewe ibanduke. Tulikuwa tunacheka kwamba mtu wa stoo hawezi kuiba, atajulikana kwa mikono. Hakuna aliyetwambia kwamba kile kisichonuka ndicho kilichokuwa kinaingia ndani na kukaa.

Fundi Musa alikuwa na maski, kubwa, ya kufunika uso wote, yenye mpira wa kuleta hewa kutoka nje. Ilikuwa moja. Ilikuja na mashine, kama vile spana inavyokuja na baiskeli. Yeye alikuwa anatwambia, "Nikipiga, nyinyi tokeni. Kaeni nje mpaka kesho." Lakini hakuwa mkubwa wetu. Mkubwa wetu alikuwa Mzee Simiyu, nyapara, na juu yake kulikuwa na meneja wa suti ya kaunda ambaye alitaka stoo ifunguliwe kabla ya Krismasi. Kwa hiyo Musa akimaliza ukuta mmoja na kusogea wa pili, sisi tunaingia na misumeno kukata povu lililozidi, lingali na joto, unaweza kuegemea kama mtu ameegemea ng'ombe. Vumbi lake lilikuwa jepesi na la manjano. Lilikaa kwenye nyusi. Jioni tukitoka, tulikuwa tunaona taa zimevaa duara, kila taa na duara lake la buluu, hata taa ya chemli ya mama wa kuuza mahindi. Petro akasema, "Leo sote tumekuwa watakatifu." Agnes Cherotich akamjibu, "Wewe? Duara lako limeibiwa." Tulidhani ni uchovu. Asubuhi macho yalikuwa yamerudi sawa, na kitu kikirudi sawa asubuhi, maskini hakiiti ugonjwa.

Na kila siku saa nne, Mzee Simiyu alipiga chuma kwa nyundo na sisi tukapanga mstari kupokea maziwa. Kikombe cha bati, kikubwa, maziwa freshi ya moto kutoka kwa shamba lililo jirani. Hiyo ilikuwa sheria. Ukiuliza mtu yeyote wa hapa, wa wakati ule na hata wa sasa, anayefanya kazi ya rangi, ya simenti, ya kunyunyizia ng'ombe dawa, atakwambia: maziwa yanaosha kifua. Yanashuka na uchafu. Sisi Wakalenjin maziwa kwetu ni heshima, ni baraka, mtoto akizaliwa ni maziwa, mkimbiaji akirudi na ushindi ni maziwa, sasa nani angeyashuku? Mzee Simiyu mwenyewe aliyaamini kwa moyo wake wote. Alikuwa anasimama pale kama mchungaji wa meza ya Bwana, anaangalia kila mtu amalize. "Nekesa, msichana wangu, bado kuna kidogo chini. Hicho kidogo ndicho dawa." Alitusimulia kwamba alifanya kazi kwenye kinu cha posho ujana wake, wenzake waliokataa maziwa walikufa, yeye yuko hai. Siku moja tulikuwa tumekaa nyuma ya ofisi ya mbao tukila githeri, mimi, Nekesa na Barnaba, tukasikia kupitia ukuta Musa anamwambia meneja kwamba hawa watu wanahitaji maski kama yake. Meneja akasema, "Wakipewa maski watavaa siku mbili, ya tatu utazikuta sokoni. Si wanapata maziwa?" Kisha sauti ya Mzee Simiyu, ya upole, "Wanapata, bwana. Mimi mwenyewe nahakikisha." Barnaba alitutazama akiwa na kijiko mdomoni. Nekesa akasema, "Afadhali maziwa. Maski ingeniharibia nywele." Tukacheka. Nakumbuka vizuri kwamba tulicheka.

Barnaba alikuwa mrefu, wa maneno machache, mtoto wa Ainabkoi, na alikuwa amempenda Nekesa kwa namna ambayo haikujificha. Alimpa gambuti zake kwa sababu za Nekesa zilikuwa na tundu, akawa anatembea yeye na viatu vya plastiki kwenye matope. Watu wakamtania. Julius Rotich, ambaye alikuwa wa ukoo wake, alikuwa anamwuliza mbele yetu, "Kiptoo, kwani wasichana wa kwetu wameisha?" Naye Barnaba anajibu, "Hawajaisha. Wamejaa. Ndiyo maana nimetafuta mmoja tu." Walipanga Desemba. Meneja alikuwa ametangaza kwamba watakaodumu mpaka mwisho ndio watakaoajiriwa ndani ya stoo ikifunguliwa, kazi ya kudumu, yenye koti na likizo. Nekesa alikuwa anaongea habari ya koti hilo kama watu wengine wanavyoongea habari ya shamba. Alitaka yeye na Barnaba wote wawe na koti.

Ilipofika Julai, baridi ikakaza. Tulikuwa tunaruhusiwa kuchukua mabaki ya povu, magunia kwa magunia, na tukayabeba Langas tukayashindilia katikati ya mabati na makaratasi ya boksi, ukuta hadi ukuta, tukaziba na kila tundu. Chumba chetu kikawa na joto ambalo Langas nzima haikuwa nalo. Mama Atieno wa mlango wa pili alikuwa anakuja kumwogesha mtoto wake kwetu. Watu walikuwa wanapiga hodi wakitafuta sababu ya kukaa. Vile vipande vidogo tuliwashia jiko, vinashika moto haraka kuliko mafuta ya taa, moshi wake mweusi, unakata koo. Tulijiona matajiri. Na ni katika chumba hicho nilianza kumsikia Nekesa akikohoa, kikohozi kikavu, kifupi, kama mtu anayetaka kukatiza mazungumzo. Kicheko chake kikaanza kukatika katikati. Alikuwa anaanza kucheka, kisha anaweka mkono kifuani na kusubiri, na uso wake unabaki na kicheko ambacho hakina sauti. Usingizi alikuwa anaupata akiwa amekaa.

Jambo lililotuchanganya ni kwamba Jumapili alikuwa mzima. Angalia hapo. Jumamosi jioni bado anahema, Jumapili mchana anaimba kanisani sauti ya kwanza, Jumatatu kabla ya maziwa ya saa nne ameinama ameshika ukuta. Kila mtu alikuwa na maelezo yake. Agnes alisema ni kijicho cha watu. Mama Atieno alisema ni baridi ya Jumatatu asubuhi. Jane Khisa alisema ni mimba, na Nekesa akamtupia gambuti. Mzee Simiyu akasema ni maziwa ya Jumapili yanakosekana, kwa hiyo kifua kinafika Jumatatu kikiwa kikavu, na akaanza kumpa kikombe chake mwenyewe, Nekesa akawa anakunywa vikombe viwili. Sote tuliona jambo moja na hatukulisoma. Nilijua majina yote, nilijua mtu anapenda nini na anaogopa nini, lakini hakuna kati yetu aliyekuwa amefundishwa kusoma Jumapili na Jumatatu zikiwekwa pamoja.

Mwezi wa kumi alianguka. Si kuanguka kwa kuzirai, alikaa chini polepole katikati ya vumbi kama mtu aliyechoka na safari, midomo ikawa ya rangi ya zambarau. Fundi Musa alitupa bunduki, akavua maski akamvalisha yeye, na sijasahau kumwona Nekesa ndani ya kioo kile, macho makubwa, akitutazama kama mtu aliye ndani ya dirisha la basi. Barnaba akamchukua siku hiyohiyo, akampeleka kwa mama yake Ainabkoi apumzike. Kobot Kiptoo, ndivyo tulivyomwita yule mama, hakuwa amempokea msichana wa Bungoma kwa furaha, lakini mgonjwa ni mgonjwa. Jumapili mbili zilizofuata nilikwenda kumwona. Ya kwanza nilimkuta amekaa juani anamenya viazi. Ya pili nilimkuta amepanda mlima na debe la maji kichwani, anaimba, na alipofika juu aliliweka chini akacheka kile kicheko chote, kutoka mwanzo mpaka mwisho, hakikukatika mahali popote. Kobot Kiptoo alikuwa amesimama mlangoni na mikono kiunoni. "Umeona?" akaniambia. "Maziwa ya mji ni maji. Huyu amepona na maziwa ya ng'ombe wangu." Alikuwa ameanza kumpenda. Alikuwa amemfundisha kusafisha kibuyu kwa moto wa senetwet, ule mti wa kutia mursik harufu, na Nekesa akanimiminia mwenyewe, akanipa kwa mikono miwili kama mke wa nyumba. "Kunywa makaa, Selina." Tulikaa pale mpaka jua likaanza kwenda. Barnaba alisema, kwa ule ufupi wake, labda asirudi. Akae tu hapa mpaka Desemba. Nekesa akamwambia, "Nimeshapona, Kiptoo. Mtu akipona anarudi. Imebaki kidogo tu stoo iishe, nimwachie Jane Khisa koti langu?" Na mama yake Barnaba akasema ni kweli, mtu akipona anarudi. Kila mtu pale alifurahi kwa sababu alikuwa mzima, na ule uzima ndio uliomrudisha. Nimefikiria jambo hilo kwa miaka na sijalipatia mlango wa kutokea. Kama angebaki mgonjwa kidogo, angebaki hai.

Alirudi Jumatatu. Hata kazi kubwa ilikuwa imekwisha, Musa alikuwa anaziba tu pembe ya mlango wa mwisho, kipande kisichozidi meza. Mzee Simiyu, kwa huruma, alikuwa amempa kazi ya nje, kugawa maziwa, asishike msumeno. Nekesa alikuja na sufuria na vikombe, amefunga kitambaa kipya cha maua ya njano, akasimama mlangoni akaita, "Watakatifu, njooni mkunywe!" Hiyo ndiyo sentensi yake ya mwisho niliyoisikia nzima. Nilimwona anageuza uso kama aliyepigwa upepo. Akakohoa mara ya kwanza, akatabasamu kuomba radhi. Kisha kifua kikajifunga. Sijui niandikeje. Ni kama mtu anavuta kamba na upande wa pili kuna mtu mwenye nguvu zaidi. Hakugusa povu, hakuingia ndani, alisimama tu pale harufu ilipokuwa imeshapita. Mzee Simiyu alikuja mbio, na kile alichokuwa nacho mkononi kilikuwa kikombe. "Mpe anywe! Mwinueni kichwa, anywe!" Maziwa yakamwingia mdomoni yakatoka, yakashuka shingoni, yakalowesha kile kitambaa. Barnaba akamsukuma Simiyu, mara ya kwanza na ya mwisho maishani mwake kumsukuma mzee. Tulimpakia nyuma ya pikapu ya meneja kumkimbiza hospitali ya misheni, kichwa chake mapajani mwangu, Barnaba ameshika miguu yake na zile gambuti. Hatukufika na yeye. Gari lilikuwa bado linapanda nilipoacha kusikia ile kamba ikivutwa. Nikamwambia dereva aendeshe tu, sikumwambia Barnaba, lakini Barnaba alikuwa ameshajua, aliendelea kushika miguu.

Kule hospitalini kulikuwa na muuguzi, mama mtu mzima, jina lake Philomena. Alimtazama, akamfunika, kisha akachukua mkono wangu akaugeuza akaangalia ile rangi ya kahawia. Akauliza, "Mnafanya kazi gani nyinyi?" Ni mtu wa kwanza aliyetuuliza. Nikamweleza, Asali na Samaki, vumbi, maziwa, Jumapili na Jumatatu. Alikaa chini. Akasema kuna dawa za viwandani zikishakizoesha kifua ubaya, kifua hicho hakisahau tena. Mtu anaweza kupumzika, akapona, akakimbia mlimani, lakini siku atakayoinusa tena hata kidogo, kifua kitakumbuka kila kitu kwa mara moja. "Huyu hakupaswa kurudi," akasema. "Hata mlangoni." Barnaba akauliza, "Na maziwa?" Yule mama akamjibu. "Maziwa yanakwenda tumboni, baba. Hayajui njia ya kifua." Barnaba akasimama, akatoka nje, akakaa chini kwenye nyasi. Nekesa tulimzika kwao.

Tulirudi kazini. Ndiyo. Nilimwambia Mzee Simiyu maneno ya Philomena, yote, mbele ya watu. Alinisikiliza akilia, kwa sababu alimpenda Nekesa kama mtoto wake. Kisha akafanya kitu ambacho alidhani ni haki. Kuanzia siku hiyo kila mtu alipewa vikombe viwili. Tukavinywa. Tulipanga mstari, tukapokea, tukanywa mpaka kile kidogo cha chini, na hakuna aliyemtazama mwenzake. Stoo ilifunguliwa kabla ya Krismasi, kulikuwa na nyama na hotuba, na Jane Khisa akapata koti. Barnaba hakuja. Alikuwa ameenda Ainabkoi kupanda viazi, na mjini hakurudi tena isipokuwa kwa mbegu. Mzee Simiyu alikufa baada ya miaka michache, amekaa kwenye kiti kwa sababu hangeweza kulala, na wanawe waliniambia alikuwa akiomba maziwa mpaka mwisho. Mimi nilihama kile chumba. Kabla ya kuhama niling'oa povu lote ukutani kwa mikono, na Mama Atieno akaniuliza kama anaweza kulichukua, maana mtoto wake alizoea joto.

Sasa nirudi kwenye mazishi, kwa sababu hayakuishia pale kwenye historia ya marehemu. Baada ya kuzika, nilikuwa nimekaa karibu na moto wa wapishi, kifua changu kikiwa kimeanza ile filimbi yake ya jioni, na binti wa mwisho wa Barnaba, Chelagat, akaniletea chai. Chelagat ni mama wa watoto wawili, mcheshi, ana mabega ya baba yake. Alisikia ninavyohema akasema, akiniita bibi kwa lugha yetu, "Pole Gogo, mimi pia kifua kinanisumbua." Nikamwuliza anafanya kazi gani. Akasema kwa fahari yuko na kampuni mjini, wanapiga povu chini ya mabati kwenye manyumba mapya, watu wasisikie kelele ya mvua wala baridi. Nikaweka kikombe chini. Nikamwuliza kama ni mapipa mawili. "Eee, Gogo! Unajua hiyo kazi?" Nikamwuliza maski. Akasema iko, nzuri, lakini vile vichujio vya pembeni viliisha zamani na bosi anasema vinakuja. Kisha akasema lile neno. Alilisema kwa furaha, ili kunituliza. "Lakini si kitu mbaya. Nikienda ofu napona kabisa. Hata saa hii, tangu mzee alale nimekuwa nyumbani, niko sawa tu. Ni nikirudi ndiyo inaanza tena, nakunywa maziwa inatulia."

Nilimshika mkono. Nilimweleza yote, pale jikoni, moshi ukitupitia, na kwa mara ya kwanza mtoto wa Barnaba akasikia kwamba kabla ya mama yake kulikuwa na mwingine. Alinisikiliza vizuri, siwezi kusema hakunisikiliza. Machozi yalimtoka aliposikia habari ya gambuti. "Ndiyo maana baba alikuwa hanywi maziwa," akasema polepole. "Maisha yake yote. Tulidhani tumbo linamkataa." Nikamwambia usirudi. Akasema, "Gogo, hiyo ilikuwa zamani. Siku hizi dawa ni mpya, si kama zenu." Nikamwambia usirudi, hata mlangoni. Nikamfuata mama yake, Rael, nikamwambia mbele ya wanawake wote. Rael alikuwa amechoka, amevaa lile blanketi la wajane, akaniambia bila ubaya, "Selina, huyu ndiye anayesomesha watoto wake na wa dada yake. Nimzike baba leo, kesho nimwambie aache kazi kwa sababu ya msichana aliyekufa kabla hajazaliwa?" Simu ya Chelagat ikalia. Akageuka pembeni, nikamsikia. "Ndiyo, bosi. Tumeshazika. Jumatatu niko." Aliporudi alinipigia magoti kuniaga, akaniuliza lile jina tena, ili asilisahau. Rosemary Nekesa. Akalirudia. Akakosea kidogo, nikamrekebisha, akalirudia vizuri. Katika yote niliyompa, hilo ndilo alilokubali kubeba.

Leo ni Jumatatu. Nimempigia Chelagat tangu asubuhi, simu inaita tu. Inakaribia saa nne.